Ndege Inayoshikwa Mkononi

Gari la waya wanalotengeneza watoto wa Mlowo, wilayani Mbozi mkoani Songwe, lina kitu ambacho magari mengi ya plastiki ya dukani hayana, yaani usukani unaofanya kazi. Mtoto huchukua waya mgumu au kijiti kirefu, akaufunga kwenye ekseli ya mbele, akaupandisha hadi usawa wa kifua na huko juu akapinda duara. Anakimbia nyuma ya gari lake pembeni mwa barabara kuu, malori ya kwenda Tunduma yakimpita, na akizungusha mkono kidogo tu, magurudumu yaliyokatwa kutoka kwenye kandambili kuukuu yanageuka. Chombo kiko chini, mkono uko juu, na kinachoviunganisha ni kipande cha waya.

Sura hii ni ya watu waliolichukua wazo hilo wakalipeleka hewani. Walitengeneza ndege ndogo yenye injini ya kweli na mabawa ya kweli, inayoruka kwa kuzunguka duara, na rubani amesimama chini katikati ya duara hilo ameshika waya mbili. Duniani mchezo huu una zaidi ya miaka 80, una mashindano yake ya dunia chini ya Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, na una mabingwa wanaojulikana kwa majina. Kwetu haujulikani sana. Naandika nikiamini kwamba Songwe, kuliko mikoa mingi ya Tanzania, ina sababu ya kuujua.

Sababu yenyewe ni hii. Kutoka mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, habari zilienea nchini na nje kuhusu Adam Kinyekile, fundi wa Tunduma aliyekuwa akiunda helikopta kwa mikono yake mwenyewe. Huko kaskazini, Abdi Mjema wa Chuo cha Ufundi Arusha naye aliunda helikopta yake yenye injini ya gari. Kenya kulikuwa na Gabriel Nderitu aliyejenga ndege ya mtu mmoja nyumbani kwake, na Uganda Chris Nsamba alikusanya vijana wakaanza kujenga ndege katika uwanja wa nyumba. Hao ni watu ambao hawakusubiri kupelekwa na mtu. Waliona ndege ikipita juu, wakataka kujua inakaaje huko, wakaanza kukata chuma.

Nawaheshimu bila kigugumizi. Lakini kila ninapofikiria kazi zao naona pengo moja ambalo si kosa lao. Mtoto wetu anaanza na tiara ya karatasi na vijiti. Akikua, hatua inayofuata anayoiona ni helikopta nzima ya kubeba mtu. Katikati hakuna kitu. Na helikopta nzima inamdai fundi mambo yote kwa mpigo: injini isiyozima, fremu isiyotetemeka ikapasuka, mizani sahihi ya uzito, rubani anayejua kurusha, pamoja na ukaguzi na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Jambo moja tu likikosekana, chombo kinabaki karakanani, au kinapaa na kuua mtu. Fundi anajifunza kuruka kwa kutumia chombo ambacho hakiruhusu kukosea hata mara moja.

Walioianzisha ndege hawakufanya hivyo. Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli wa mji wa Dayton, Marekani, walianza mwaka 1899 kwa tiara ya mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, upana wake mita moja na nusu. Tiara ile ilikuwa na kamba nne, mbili kwa kila upande, zilizofungwa kwenye vijiti viwili alivyoshika Wilbur. Akivipindua vijiti, mabawa yalijipinda na tiara ikalala upande mmoja au mwingine. Mwaka uliofuata walipeleka ufukweni Kitty Hawk ndege kubwa isiyo na injini, na sehemu kubwa ya majaribio yake waliifanya bila mtu ndani, wakiirusha kama tiara na kuiongoza kwa kamba kutoka chini. Walipima upepo, walipima nguvu iliyovuta kamba, wakaandika. Injini ilikuja miaka mitatu baadaye, tarehe 17 Desemba 1903. Kabla ya mtu kupanda, ndege ilikuwa imeshajibu maswali mengi ikiwa imeshikwa kwa kamba.

Baada ya ndege kubwa kufanikiwa, kamba zilisahaulika. Vijana wa miaka ya 1930 huko Marekani walikuwa na injini ndogo za petroli za kuweka kwenye ndege za mfano, maarufu zaidi ikiwa ile ya Brown Junior iliyobuniwa na Bill Brown. Walikuwa na shida moja kubwa: ukishaiachia ndege, imekwenda. Iliruka mpaka mafuta yaishe, ikatua ilikotaka, juu ya mti, mtoni au kwenye shamba la mtu. Redio za kuiongoza kutoka mbali wakati huo zilitumia vali za kioo na betri nzito mno kwa ndege ndogo. Kazi ya miezi ingeweza kupotea kwa dakika tano, na wenye nyumba za mjini hawakufurahia injini zinazoanguka ovyo juu ya mapaa yao.

Jibu lilitoka jimbo la Oregon, na lilitoka kwa watu wawili. Wa kwanza ni Oba St. Clair. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 alirusha ndege kubwa ya mfano aliyoiita Miss Shirley, akiongoza mkia wake kutoka chini kwa waya. Hakuomba hataza. Aliirusha, watu wakaiona, maisha yakaendelea. Wa pili ni Nevils Walker, ambaye wote walimwita Jim, mwenye kampuni ya American Junior Aircraft mjini Portland. Walker alileta mfumo wake sokoni mwaka 1940 pamoja na ndege iliyoitwa Fireball, akaupa mfumo jina la U-Control, na mwaka 1942 akapata hataza ya Marekani.

Hebu tukae kwanza kwenye kifaa chenyewe, maana uzuri wake hauonekani mpaka ukiguse.

Chukua bati la aluminiamu lenye unene wa kama milimita mbili, ulikate kipande cha pembetatu kinachoenea kwenye kiganja. Toboa tundu katikati, upitishe boliti, ukifunge kipande hicho kwa ulalo karibu na kiini cha ndege, pale bawa linapokutana na kiwiliwili, ili kiweze kuzunguka kidogo huku na huko. Wanaojua baiskeli watakiita krenki, na ndivyo kilivyo. Pembe mbili za krenki, ya mbele na ya nyuma, zinafungwa waya mbili zinazopita kwenye bawa la kushoto na kutokea nchani mwake. Pembe ya tatu inashika fimbo nyembamba, na spoku ya baiskeli inafaa kabisa, inayokwenda hadi mkiani na kusukuma eleveta, kile kibao kinachopanda na kushuka nyuma ya ndege. Upande wa pili wa waya zile mbili, mita 15 au 20 kutoka kwenye ndege, kuna kishikio ambacho rubani amekikamata kikiwa wima, waya mmoja juu na mmoja chini.

Rubani akiinamisha kiganja nyuma, waya wa juu unavutwa na wa chini unalegea. Krenki inazunguka. Spoku inasogea, eleveta inainuka, mkia unasukumwa chini na pua ya ndege inapanda. Akiinamisha kiganja mbele, ndege inashuka. Basi, ndiyo elimu yote ya uongozaji. Mtu mzima anaielewa kwa dakika moja na mtoto kwa nusu yake.

Na kona je? Kona inapigwa na waya wenyewe. Ndege kubwa ina mienendo mitatu ambayo rubani anatakiwa kuitawala kwa pamoja: kupandisha na kushusha pua, kulaza mabawa, na kugeuza pua kushoto au kulia. Miwili kati ya hiyo mitatu ndiyo inayomchanganya mwanafunzi. Waya unaichukua yote miwili. Unaivuta ndege ndani ya duara na kuzuia mabawa yasilale, ukamwachia rubani jambo moja tu la kufikiria. Kwangu mimi huu ndio mchango wa St. Clair na Walker ulio mkubwa kuliko kile kipande cha aluminiamu. Waliligawa tatizo la kuruka, wakampa anayeanza sehemu anayoiweza. Anajifunza kupaa, kutua, kuhisi ndege inapoishiwa mwendo na kuiokoa, bila kuhangaika na mengine.

Waya unafanya kazi hiyo ukiwa umekazwa tu. Ukilegea, krenki haisikii mkono na ndege inajiendea. Kwa hiyo kuna hila kadhaa ndogo, kila moja ikiwa na sababu yake. Waya hutolewa kwenye ncha ya bawa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, ili pua itake kuelekea nje ya duara. Usukani wa mkia hupindwa kidogo kuelekea nje na kuachwa hapohapo. Ncha ya bawa la nje hutiwa kipande cha risasi cha gramu chache, kufidia uzito wa waya zinazoning'inia upande wa ndani. Injini nayo mara nyingi hufungwa ikitazama nje kidogo.

Hesabu inaonyesha nguvu iliyopo. Ndege ya sarakasi yenye uzito wa kilo 1.7, kwenye waya wa mita 20, ikimaliza duara moja kwa sekunde 5.2, inakwenda karibu kilomita 87 kwa saa. Ukizidisha uzito kwa mraba wa mwendo na kugawa kwa urefu wa waya, unapata kani inayokaribia nyutoni 50. Maana yake mkono wa rubani unavutwa kama aliyeshika mfuko wa kilo tano, muda wote. Ndege za mbio, ambazo huvuka kilomita 250 kwa saa, huvuta mara nyingi zaidi ya hapo, ndiyo maana mashindanoni waya hujaribiwa kwa kuvutwa kwa nguvu maalumu kabla ndege haijaruhusiwa kuruka, na rubani hufunga kishikio kwa mkanda mkononi. Mwanafunzi wa kidato cha tano anayekariri kanuni ya mwendo wa duara ili ajibu mtihani angeihisi kanuni hiyo begani. Hakuna maabara ninayoijua inayofundisha somo hilo vizuri hivyo kwa gharama ndogo namna hiyo.

Turudi kwa Walker. Alikuwa mtu wa maonyesho. Alizunguka Marekani akirusha ndege mbele ya umati, na onyesho lake lililosifika lilikuwa kurusha ndege tatu kwa pamoja, moja kwa kila mkono na ya tatu ikiwa imefungwa kichwani. Wengine wanaona mambo hayo ni mbwembwe za mfanyabiashara. Mimi naona ni sehemu ya uvumbuzi. Kifaa kikikaa kwenye banda la mwenyewe hakijamfundisha mtu yeyote. Walker alikifanya kiwe cha kuuzwa ndani ya boksi, pamoja na michoro na maelezo ambayo kijana wa miaka 12 angeyafuata, kisha akaenda kuonyesha kwa macho kwamba kinawezekana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni yake ililitengenezea jeshi ndege ndogo za kurushwa kwa manati, mabawa yake yakikunjwa wakati wa kupaa na kufunguka zikiwa juu, ili wapiga bunduki wajifunze kulenga kitu kinachoruka. Vita vilipokwisha, ndege za waya zilitapakaa katika viwanja vya shule na maegesho ya magari ya Marekani, kisha Ulaya.

Injini pia ziliwapa nafasi. Mwaka 1947 Ray Arden alileta sokoni plagi ndogo yenye waya wa platinamu unaobaki mwekundu kwa joto la injini yenyewe. Betri, koili na kondensa vilivyokuwa vikibebwa hewani vikaondolewa. Mafuta yake ni methanoli iliyochanganywa na kilainishi, na kilainishi kilichopendwa kwa miaka mingi ni mafuta ya nyonyo, yaleyale yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu za mmea unaojiotea kandokando ya njia zetu, ambayo mama zetu wanapaka nywele. Yanavumilia joto ambalo mafuta mengi ya petroli hayalivumilii, na tena yanachanganyika na methanoli.

Wavumbuzi wengine waliongeza vyao. Victor Stanzel na nduguye Joe, huko Schulenburg, Texas, walikuwa na mfumo wao wa waya mmoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940, baadaye wakatengeneza mwingine ambao waya mmoja huo husokotwa na rubani na msokoto wake ndio unaogeuza eleveta. Waya mmoja unasumbuliwa na hewa kidogo kuliko waya mbili, na ndege za mbio ziliupenda. Kisha walitengeneza ndege ya watoto ambayo mota na betri vilikaa mkononi mwa rubani, na nguvu ikapelekwa hadi kwenye propela kwa waya unaozunguka. George Aldrich alibuni Nobler, ndege ya sarakasi ambayo flapu za bawa zimeunganishwa na eleveta ili bawa lipate nguvu zaidi pale hasa ndege inapopiga kona kali. Waliomfuata waliichukua Nobler kama msingi kwa miongo kadhaa.

Sasa lile jambo la hataza, ambalo lafaa lisimuliwe taratibu kwa sababu linagusa kila mbunifu.

Walker alidai malipo kutoka kwa waliotengeneza ndege za waya kwa kutumia krenki. Wengi walilipa. Leroy Cox wa California, aliyekuwa akiuza ndege ndogo za plastiki zenye injini za chini ya sentimita moja ya ujazo, alikataa, na katikati ya miaka ya 1950 kesi ikafika mahakamani. Upande wa Cox ulimleta Oba St. Clair. Yule mtu ambaye hakudai chochote kwa miaka yote ile alieleza kwamba alikuwa amerusha ndege kwa namna hiyo kabla ya Walker kuomba hataza. Mahakama ilikubali kwamba wazo lilikuwa limeshatumika. Walker akashindwa, na miaka michache baadaye, mwaka 1958, akafariki.

Watu wa mchezo huu wamebishana tangu siku hizo nani aitwe mvumbuzi. Hukumu yangu ni kwamba mahakama ilisema kweli kuhusu nani alitangulia, na wachezaji wanasema kweli wanapoendelea kumheshimu Walker. Kombe la bingwa wa sarakasi za waya nchini Marekani hadi leo lina jina lake. St. Clair alithibitisha kwamba jambo linawezekana. Walker aliwafanya maelfu walijaribu. Ukimwondoa mmoja wao, mchezo huu usingekuwepo kama ulivyo.

Kwa fundi wa Songwe kuna mambo mawili ya kufanyia kazi hapo. La kwanza, andika. Ukibuni kitu, piga picha, weka tarehe, chora mchoro na uuhifadhi, na kabla ya kukionyesha sokoni waulize BRELA, wanaosajili hataza Tanzania Bara, ujue masharti yao. St. Clair alisikilizwa kwa sababu ushahidi wake ulipatikana. Wabunifu wetu wangapi wangeweza kuonyesha walichofanya miaka 15 iliyopita? La pili linafurahisha zaidi: krenki ya ndege ya waya leo ni mali ya kila mtu. Hakuna wa kumlipa, hakuna wa kumwomba ruhusa ya kuichonga.

Je, Mlowo inaweza kujenga ndege hiyo? Nikitazama kilichopo, naona inaweza, ila kwa kuzingatia mahali penyewe.

Uwanda wa Mbozi ni wa juu. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ufukweni Dar es Salaam. Bawa lilelile linahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia saba au nane ili kubeba uzito uleule, na injini ya kuchoma mafuta inapoteza nguvu kwa sababu inavuta hewa pungufu. Ramani ya ndege iliyochorwa kwa ajili ya pwani itaonekana nzito ikifika hapa. Dawa yake ni bawa pana zaidi na uzito mdogo. Mota ya umeme haina shida ya kuvuta hewa, na siku hizi mashindano mengi ya sarakasi yanatawaliwa nayo. Mota moja kutoka kwenye droni iliyoharibika, betri yake na kidhibiti mwendo chenye saa ya kuzima vinatosha kuanzia.

Mti wa balsa unaotumika Ulaya na Marekani unatoka Amerika Kusini na ni ghali kuuagiza. Lakini mabawa mengi ya ndege za kujifunzia siku hizi yanakatwa kutoka kwenye fomu nyeupe, ile inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni na friji, kwa waya wa moto unaopashwa na betri. Ubavu wa mwanzi uliopasuliwa unaipa fomu uimara, karatasi ya kaki na gundi ya maji zinaifunika. Plaiwudi kidogo inatosha kwa ajili ya kufungia mota. Krenki ni bati la aluminiamu. Spoku iko kwa fundi baiskeli. Kwa ndege ndogo ya gramu 300 au 400, waya unaweza kuwa uzi wa kuvulia samaki uliosukwa, mita 10 hivi. Uzi wa nailoni wa kawaida haufai maana unanyumbuka, na mkono unavuta huku ndege haina habari.

Kitovu cha uzito ndicho kinachowashinda wengi. Ndege ya kujifunzia inatakiwa ining'inie pua ikiinama kidogo ukiishika kwa ncha za vidole kwenye robo ya kwanza ya upana wa bawa, ukihesabu kutoka mbele. Ikiwa mkia ni mzito, itaruka kama kitu kilicholewa na kuanguka kabla ya kumaliza duara la kwanza. Ongeza uzito puani, usione aibu. Ndege nzito yenye mizani sahihi inaruka. Nyepesi yenye mizani mibaya hairuki.

Upepo wa kiangazi huku kwetu si wa kubeza, hasa Julai na Agosti. Ndege ya waya hurushwa rubani akiupa upepo mgongo, na kila mchezo wa juu hufanywa upande ule ambao upepo unaelekea, ili upepo wenyewe uisukume ndege nje na kuukaza waya. Anayejaribu kuzungusha ndege upande ambao upepo unatoka ataona waya zikilegea usoni pake. Asubuhi, kabla jua halijachemsha ardhi, ndio wakati wa wanafunzi.

Na kuna jambo ambalo nataka lisomwe mara mbili na kila mwalimu. Waya wa chuma ukigusa nyaya za umeme, umeme unashuka moja kwa moja hadi kwenye kishikio. Watu wamekufa hivyo katika nchi zenye uzoefu mkubwa wa mchezo huu. Kwa hiyo usirushe kamwe kwenye uwanja ambao nyaya za TANESCO zinapita juu au karibu, hata kama unadhani zimekatika au mgawo wa umeme unaendelea. Usirushe mawingu ya radi yanapoanza kujikusanya, na kuanzia Novemba hadi Aprili hayo ni ya kila siku. Watazamaji wakae nje ya duara, mbali zaidi ya urefu wa waya, na asiingie mtu mpaka propela isimame. Propela ndogo ya plastiki inakata kidole cha mtoto.

Wazazi wengine watauliza ndege ya kuzunguka duara itamfikisha mtoto wapi. Itamfikisha pale ambapo Kinyekile na Mjema walilazimika kuanzia bila kupita popote. Aliyejenga ndege tatu za waya atakuwa ameshajua kwa nini mizani ya uzito ni uhai wa chombo, kwa nini boliti ya injini hulegea kwa mtetemo, bawa linavyojipinda likibeba, na ndege inavyotoa dalili kabla ya kuanguka. Atakuwa ameziharibu mbili katika hizo tatu, amezirekebisha, na hakuna aliyeumia. Akija kujenga kikubwa zaidi, au akienda chuo cha urubani au cha uhandisi, mikono yake itakuwa imeshatangulia.

Ombi langu linawaendea watu wa aina tatu katika Mbozi. Walimu wa fizikia wa sekondari za Mlowo na Vwawa: mashine rahisi mnazifundisha kidato cha pili na mwendo wa duara kidato cha tano, na krenki hii inayaunganisha masomo hayo mawili kwa gharama ya bati na spoku. Mafundi wa kuchomelea na wa baiskeli: wapeni wanafunzi nafasi kwenye meza zenu Jumamosi moja kwa mwezi, muwasaidie kukata na kutoboa. Na wale wanaosimamia viwanja: tengeni sehemu moja isiyo na nyaya, yenye nafasi ya wazi ya mita 25 kila upande kutoka katikati. Andikieni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla ya kuanza, elezeni kwamba ni ndege ya mfano iliyofungwa kwa waya, isiyo na redio wala kamera, mpate maelekezo yao kwa maandishi. Kisha jengeni moja. Mkishaijua, ipelekeni MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, iwakilishe Songwe.